Somo la koperative: Kukodi lori la bene bila hasara na bila ajali



Kuna siku ambapo jembe, toroli na mgongo wa mtu havitoshi tena. Depo ya zamani imebomolewa na vipande vya matofali vimejaa uwanjani. Kando ya mashini ya kumenya kahawa kuna mlima wa maganda unaonuka, na mvua ikinyesha maji yake meusi yanashuka mtoni. Nyuma ya ofisi kuna mifuko iliyochanika, mabati yaliyooza na mabidoni ya dawa. Hapo komite inakutana na kusema: tukodi lori la bene.

Lori la bene ni lile lenye sanduku la chuma mgongoni, linaloinuliwa na pompu ya mafuta ili kumwaga mzigo kwa nyuma. Katika nchi nyingine mtu anakodi sanduku la chuma peke yake. Linaachwa uwanjani siku kadhaa, analijaza polepole, kisha gari linakuja kulichukua. Huku kwetu Kivu, mara nyingi bene inakuja pamoja na gari lake na shofere wake, na saa zinahesabiwa. Kwa hiyo watu wanapakia haraka haraka, na katika haraka hiyo ndipo feza inapotea na watu wanaumia.

Mwisho wa somo hili, kila mwanamemba ataweza:
- kuchagua kitu gani kipakiwe na kitu gani kibaki;
- kupima bene na kujua inaweza kujazwa mpaka wapi;
- kufanya mapatano mazuri na mwenye gari;
- kulinda watu wakati wa kupakia na wa kumwaga.

1. Kwanza mchague takataka, kisha muite gari

Kosa la kwanza ni kuita gari kabla ya kuchagua. Lori likifika, kila mtu anashika koleo na kutupa ndani chochote kilicho mbele yake. Kumbe sehemu kubwa ya ile tunayoita takataka ni mali ya koperative.

Juma moja kabla ya siku ya gari, fanyeni salongo ya kuchagua. Tengenezeni mafungu haya:

Fungu la vitu vinavyooza. Maganda ya kahawa, makapi ya maharage, majani na mavi ya mifugo havipandi gari. Hivyo ni mbolea. Katika kilo 100 za kahawa mbivu, karibu kilo 40 ni maganda. Mkilipa gari ili litupe maganda, kisha mwaka ujao mkanunua mbolea, mmelipa mara mbili. Pangeni maganda kwa tabaka pamoja na majani makavu na mavi ya ng'ombe au ya mbuzi, mbali na kisima na mbali na mto, mfunike na kugeuza mara kwa mara. Baada ya miezi 3 au 4 mbolea inakuwa tayari. Msimwage maganda mabichi kwenye shina la mti, kwa sababu yanapooza yanatoa moto na kuvuta nzi.

Fungu la miti. Mbao mbovu na matawi vinaweza kuwa kuni. Mbao zilizopakwa rangi au dawa msizitie katika moto wa kupikia.

Fungu la matofali na mawe. Yanafaa kujaza mashimo ya njia inayofika depo. Vunjeni vipande vidogo, tandazeni, shindilieni.

Fungu la chuma. Mabati na vyuma vina wanunuzi wake mjini. Wekeni pembeni.

Fungu la takataka kweli. Mifuko ya plastiki iliyochanika, vigae, viatu vibovu, vitambaa. Hili ndilo fungu la bene.

Tuone hesabu kwa mfano. Tuseme koperative iko na meta kibi 12 za maganda, meta kibi 6 za matofali, meta kibi 4 za matawi na meta kibi 3 za takataka kweli. Jumla ni meta kibi 25. Bene inayobeba meta kibi 6,4 itafanya safari 4. Lakini maganda yakibaki kwa mbolea, matawi yakienda jikoni, na meta kibi 4 za matofali zikijaza mashimo ya njia, gari inabebea meta kibi 5 tu. Hiyo ni safari moja. Ikiwa safari moja ni dola 50 (bei hii ni ya mfano tu), koperative inabaki na dola 150 mfukoni, na tena inapata mbolea na njia nzuri. Salongo ya siku moja imelipa.

2. Vitu visivyoingia katika bene kamwe

Hapa tusimame vizuri, kwa sababu ni jambo la uhai.

Mabidoni na chupa za dawa za kuua wadudu. Chupa ikisha, isuuzeni mara tatu kwa maji safi, na maji hayo yamwagwe katika pompu ya kupulizia ili yatumike shambani. Kisha toboeni chupa ili mtu asiitumie tena kwa maji, kwa mafuta ya kupikia au kwa kasiksi. Zifungieni mahali pamoja palipo na kufuli, muulize agronome wa eneo au yule aliyewauzia dawa namna ya kuzirudisha. Msizichome moto, moshi wake ni sumu. Dawa iliyopita muda wake nayo isimwagwe shimoni wala mtoni.

Betri za gari na za panneau solaire. Ndani yake kuna risasi na asidi. Asidi inachoma ngozi na macho. Risasi inaharibu akili ya watoto. Betri ya zamani ina bei kwa wanunuzi, basi msiitupe na msiivunje.

Mafuta machafu ya mashini. Yawekeni katika bidoni lenye kifuniko.

Mabati ya zamani ya saruji, yale tunayoita eterniti. Mengi ya zamani yana amianti. Yakivunjwa au kukatwa kwa msumeno, vumbi lake linaingia katika mapafu na kuleta ugonjwa unaoonekana miaka mingi baadaye. Ikiwa lazima kuyatoa, yaloweshwe kwa maji, yashushwe mazima bila kuvunja, yafungwe ndani ya plastiki nzito, na mkuu wa mazingira wa eneo aulizwe pa kuyaweka. Yasichanganywe na matofali ya kujaza njia.

Sindano na vitu vya hospitali. Vikionekana katika takataka, msivishike kwa mkono. Mwite mtu wa kituo cha afya.

Migomba yenye ugonjwa. Ule ugonjwa wa bakteria unaokausha migomba na kuozesha ndizi kabla ya kukomaa ulionekana Masisi mwaka 2001, na toka hapo umetembea katika Kivu. Unabebwa na panga, na miche, na mabaki ya mgomba. Mkipakia vigogo vya migomba migonjwa na kuvimwaga katika kijiji kingine, mmepeleka njaa kwa wandugu. Migomba hiyo ibaki shambani mwake, na panga zisafishwe kwa maji ya javel au kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

3. Pimeni bene, pimeni mzigo

Watu wengi wanafikiri bene inajaa pale kuta zake zinapoishia. Hiyo ni kweli kwa mzigo mwepesi tu. Kwa mchanga, udongo na matofali, gari linachoka kabla bene haijajaa.

Hatua ya kwanza: pimeni sanduku. Chukueni meta. Urefu mara upana mara kimo cha ukuta. Tuseme urefu ni meta 4, upana meta 2, kimo meta 0,8. Basi 4 × 2 × 0,8 = 6,4. Bene inashika meta kibi 6,4.

Hatua ya pili: ulizeni gari linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Karata ya gari, ile carte rose, inaandika uzito wa gari tupu na uzito wote unaoruhusiwa. Ukitoa wa kwanza katika wa pili, unapata uzito wa mzigo. Msimuulize shofere kwa mdomo tu. Atajibu: "Papa, gari hii iko na nguvu, mupakie tu!" Karata ndiyo inasema ukweli. Tuseme katika mfano wetu ni kilo 7.000.

Hatua ya tatu: pimeni uzito wa mzigo wenu kwa ndoo. Chukueni ndoo ya lita 20, ijazeni mzigo, ipimeni kwenye mizani ya kahawa, toeni uzito wa ndoo tupu. Meta kibi moja ni sawa na ndoo 50 za lita 20. Basi kilo za ndoo moja mara 50 zinawapa uzito wa meta kibi moja.

Mfano: ndoo ya mchanga wenye maji inapima kilo 36. Basi 36 × 50 = kilo 1.800 kwa meta kibi moja.

Hatua ya ine: gawanyeni. Kilo 7.000 gawanya kwa 1.800 ni karibu meta kibi 3,9. Sakafu ya bene ni 4 × 2 = meta karé 8. Basi 3,9 gawanya kwa 8 ni karibu meta 0,48. Maana yake mchanga wenye maji usipite sentimeta 48 toka chini. Bene yenye ukuta wa sentimeta 80 itaonekana kama imejaa nusu tu, na watu watapiga kelele: "Juu gani munaacha mafasi? Tulilipa bene nzima!" Mwekahazina ajibu kwa upole: tulilipa gari lifike. Gari lenye mzigo kupita kiasi linapasua matairi, breki zake zinachemka katika mteremko, na pompu ya bene inaweza kushindwa kuinua. Katika milima yetu, breki iliyochemka ni kifo.

Chukueni chokaa na mchore mstari ndani ya bene kwenye kimo hicho, pande zote. Mpakiaji asiyejua kusoma naye ataelewa mstari.

Sasa turudi kwenye mfano wa takataka. Ndoo ya vipande vya matofali kilo 26, basi meta kibi moja ni kilo 1.300, na meta kibi 2 ni kilo 2.600. Ndoo ya takataka nyepesi kilo 3, basi meta kibi moja ni kilo 150, na meta kibi 3 ni kilo 450. Jumla ni kilo 3.050. Gari linabeba bila taabu. Lakini kumbukeni: takataka iliyonyeshewa inazidi uzito. Mkipima wakati wa jua na mvua ikinyesha usiku, pimeni tena asubuhi. Afadhali mfunike lundo kwa bashi siku mbili mbele ya gari kufika.

4. Mapatano na mwenye gari

Ugomvi mwingi unakuja kwa sababu watu walipatana kwa simu, kila mmoja akasikia alichotaka. Andikeni karatasi moja, hata ya daftari, wote wawili watie sahihi. Iandike mambo haya:

- Bei ni ya safari au ya siku? Ikiwa ni ya siku, inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi?
- Nani analipa mazutu, nani analipa peaje na malipo mengine ya njiani?
- Nani analeta wapakiaji, na wanalipwa na nani?
- Mzigo ni wa namna gani, na unamwagwa wapi?
- Gari likikwama katika matope au tairi likipasuka, saa hizo zinahesabiwa kwa nani?
- Ukuta wa depo ukigongwa, au bene ikiharibika wakati wa kupakia, nani anatengeneza?
- Feza inalipwa kwa sehemu ngapi? Njia nzuri ni kutoa sehemu mbele na kumaliza baada ya safari ya mwisho. Kila malipo yawe na karatasi yake, katika dola au katika franga, na siku yake.

Kabla ya kutia sahihi, katibu na shofere wazunguke gari pamoja. Angalieni matairi, taa, vioo, honi, ndoano za mlango wa nyuma, na mabomba ya mafuta ya pompu. Bomba likivuja mafuta, msikubali gari hilo. Angalieni asiranse na ruhusa ya shofere. Pigeni picha za bene kwa simu, ndani na nje. Picha ya asubuhi inamaliza maneno ya jioni.

Pahali pa kumwaga patafutwe mbele, siyo njiani. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira inakataza kuacha takataka pahali pasiporuhusiwa. Mwoneni chefu wa kijiji au wa groupement, na huduma ya mazingira, mpate pahali panapojulikana. Msikubali shofere anayesema: "Muniachie, nitajua pa kutupa." Mara nyingi pa kutupa ni bonde, na bonde linapeleka mtoni. Wale wanaoishi pembeni ya ziwa Kivu wanaona mwisho wake: plastiki zinazotupwa milimani zinateremka na mvua, zinaingia ziwani, na zinajikusanya kule Bukavu kwenye barazi ya umeme ya Ruzizi, mpaka mashini zinapata shida. Kisha sisi wenyewe tunalalamika kwamba umeme umekatika.

5. Siku ya kupakia

Chagueni mtu mmoja awe mkubwa wa kazi. Yeye hapakii. Anaangalia. Sauti yake tu ndiyo inasimamisha gari na kuliruhusu kuondoka. Watu wawili wakiamuru, shofere atafuata mmoja na kumkanyaga mwingine.

Gari lisimame pahali sawa, pasipo mteremko, udongo mgumu. Breki ya mkono ivutwe, mashini izimwe, mawe au magogo yatiwe mbele na nyuma ya matairi. Watoto waondolewe kabisa. Siku ya posho watoto wengi wako nyumbani, na lori kwao ni michezo. Mama mmoja au papa mmoja apewe kazi hiyo peke yake: kulinda watoto.

Wapakiaji wavae bote au viatu vigumu, ganti, na kashne kwa sababu ya vumbi. Vitenge virefu na vitambaa vinavyoning'inia vifungwe vizuri, vinanaswa na ndoano. Mtu akichomwa na msumari, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, aende kituo cha afya siku ileile aulize juu ya chanjo ya pepopunda. Asingoje kivimbe.

Namna ya kupakia:
- Vitu vizito chini, vyepesi juu.
- Sambazeni uzito sawasawa. Mzigo wote ukiwa upande mmoja, gari linaweza kuanguka wakati wa kuinua bene.
- Msirushe jiwe kupita juu ya ukuta kama kuna mtu ndani. Au watu wako ndani wanapanga, au watu wako nje wanarusha. Siyo vyote viwili.
- Mabati na mbao ndefu zisitokee nje ya kuta.
- Mzigo usipite kimo cha kuta. Juu yake fungeni bashi kwa kamba, ili plastiki zisipeperuke njia nzima.
- Msichome takataka ndani ya bene ili kupunguza mzigo. Moto unafika kwenye mafuta na matairi.

Kitu kizito kibebwe na watu wawili, magoti yakikunjwa na mgongo ukinyooka. Maji ya kunywa yawe karibu, na sabuni ya kunawa mbele ya kula.

6. Njiani

Hakuna mtu juu ya mzigo. Hata mmoja. Tunajua ni desturi: gari linaondoka, vijana watatu wanaruka juu ya bashi ili wakasaidie kumwaga. Shimo moja la njia linatosha kumtupa mtu chini ya matairi ya nyuma. Ikiwa wanahitajika kule, wapande pikipiki au waende mbele kwa mguu. Katika kabini waingie watu kwa hesabu ya viti.

Shofere ateremke mlima kwa vitesi vidogo, siyo kwa breki peke yake. Mvua kubwa ikianza, angoje. Saa moja ya kungoja ni bei ndogo kuliko gari lililolala bondeni.

7. Kumwaga: saa ya hatari zaidi

Ajali mbaya zaidi za bene zinatokea wakati wa kumwaga. Fuateni utaratibu huu, hatua kwa hatua.

Kwanza, angalieni chini. Udongo uwe mgumu na sawa. Bene ikiinuliwa, uzito wote unapanda juu. Tairi moja likizama katika udongo laini, lori linalala ubavu. Msimwage gari likiwa limekaa upande kwenye mteremko.

Pili, angalieni juu. Kama kuna nyaya za umeme, nendeni mbali. Bene iliyoinuliwa inafika juu sana kuliko mnavyofikiri. Ikigusa waya, shofere abaki ndani ya kabini, asiguse chuma, na watu wote wakae mbali meta 10 au zaidi mpaka umeme ukatwe. Ikiwa gari linawaka moto na lazima atoke, aruke na miguu miwili pamoja, bila kushika gari na udongo kwa mara moja, kisha asogee kwa hatua ndogo sana bila kuinua miguu. Atakayekimbia kumvuta kwa mkono atakufa pamoja naye.

Tatu, angalieni ukingo. Mkimwaga karibu na shimo, gari lisifike ukingoni. Ikiwa shimo lina kina cha meta 3, matairi yasikaribie chini ya meta 3, kwa maana udongo wa ukingo unakatika bila kutoa habari. Wekeni gogo nene la kusimamisha matairi. Mzigo usukumwe ndani kwa makoleo.

Ine, mtu mmoja tu aongoze gari likirudi nyuma. Asimame pembeni, pahali shofere anamwona katika kioo. Shofere asipomwona, asimame mara moja. Wapatane mbele juu ya alama za mikono.

Tano, fungueni ndoano za mlango wa nyuma mkisimama ubavuni, siyo nyuma. Mlango unaweza kurushwa na mzigo. Kisha watu wote wasogee mbali, nyuma na pande zote mbili. Hapo tu bene iinuliwe, polepole.

Sita, mzigo ukigandamana, bene ishushwe. Udongo wenye maji na maganda vinapenda kushika sakafu. Shofere asipige gari mbele na nyuma ili kuutikisa, na mtu asipande ndani ya bene iliyoinuliwa na koleo. Shusheni mpaka chini, mtu alegeze mzigo bene ikiwa imelala, kisha inueni tena. Ni kazi ya dakika kumi, lakini ndiyo inamwokoa mtu.

Saba, mtu asiingie chini ya bene iliyoinuliwa. Bene inasimama kwa nguvu ya mafuta yaliyo katika pompu. Bomba likipasuka, chuma chote kinashuka kwa mara moja, na hakuna nafasi ya kukimbia. Kama kuna lazima ya kutengeneza kitu, bene iwe tupu na itegemezwe kwa nguzo yake ya chuma. Mti haufai. Na gari lisitembee njiani bene ikiwa juu.

8. Kusafisha na kurudisha

Faida moja ya kukodi bene ni kwamba gari linaweza kurudi na mchanga wa kujengea depo mpya. Ni akili nzuri, safari moja inafanya kazi mbili. Lakini mbele ya hapo bene ifagiliwe na ioshwe, maji yakimwagwa mbali na mto. Na kama mnataka kubeba muhogo, maharage au kahawa, ulizeni shofere gari lilibeba nini jana. Bene iliyobeba dawa, mafuta au takataka isibebe chakula, hata mkitandika bashi. Harufu ya mafuta inashika kahawa, na mnunuzi ataisikia katika kikombe.

Mwisho, katibu na shofere wazunguke tena gari pamoja, waangalie picha za asubuhi, waandike katika karatasi ileile: safari ngapi, kilichoharibika, feza iliyolipwa. Karatasi isomwe katika mkutano unaofuata, ili kila mwanamemba ajue akiba yake ilikwenda wapi.

Maulizo ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika takataka za koperative yetu, kitu gani tunatupa nacho ni mali?
2. Chupa za dawa zinakaa wapi sasa? Nani ana ufunguo?
3. Bene ina urefu wa meta 3,5, upana wa meta 2 na kimo cha meta 0,6. Gari linaruhusiwa kubeba kilo 5.000. Ndoo ya udongo inapima kilo 32. Tujaze mpaka sentimeta ngapi?
4. Shofere anakataa kushusha bene, anasema mtu apande na koleo. Mkubwa wa kazi afanye nini?

Jibu la ulizo la 3: meta kibi moja ya udongo ni 32 × 50 = kilo 1.600. Kilo 5.000 gawanya kwa 1.600 ni karibu meta kibi 3,1. Sakafu ni meta karé 7. Basi ni karibu meta 0,44, yaani sentimeta 44, siyo 60.

Kazi ya kufanya mbele ya mkutano ujao

Kila kikundi kichukue ndoo ya lita 20 na mizani, kipime vitu vitatu: maganda ya kahawa, udongo na vipande vya matofali. Andikeni kilo za kila ndoo katika daftari la koperative. Siku mtakapoita gari, hesabu itakuwa tayari, na hakuna atakayewaambia kwa mdomo tu kwamba gari liko na nguvu.